Dada zetu wa kazi ngumu na hizi habari za "kuongeza damu"

Hii naandika kwa ajili ya wanaogonga kokoto pale Kunduchi, wanaobeba zege na tofali saiti, wanaochuma chai Mufindi, na vibarua wa kupalilia mashamba ya watu, maana ndio wanaoambiwa uongo mwingi kuhusu damu na ndio wanaoumia zaidi. Takwimu za afya za kitaifa za 2015-16 zilionyesha karibu asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Sio wote ni sababu ya chuma, kuna malaria, kuna minyoo, kuna sikoseli, ila ukosefu wa madini chuma ni sababu kubwa sana.

"Kazi ngumu lazima uchoke"

Sawa, ila uchovu wa kazi ukilala unaisha. Ukiamka umechoka vilevile, ukipanda ngazi kidogo tu na ndoo ya zege moyo unaenda mbio, ukiinuka unaona giza, hapo nenda kapime wingi wa damu. Chuma ndo kinatengeneza himoglobini, himoglobini ndo inabeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli, ikipungua misuli inaishiwa mapema hata kama mtu anajituma vipi. Miaka ya 1970 kuna utafiti ulifanyika Sri Lanka kwa wachuma chai wenye upungufu wa damu, waliopewa madini chuma damu ikapanda na chai waliyochuma ikaongezeka. Shamba lilelile, mikono ileile! Sasa mama anayelipwa kwa kilo au kwa ndoo ya kokoto, damu ikishuka na hela inashuka, hela ikishuka na sahani inapungua, alafu msimamizi anamwita mvivu. Hilo kwa kweli linaniuma sana.

"Kizunguzungu hicho ni presha ya kushuka, kunywa soda na chumvi"

Presha na damu ni vitu viwili tofauti. Mashine ya presha haipimi wingi wa damu, unatakiwa utobolewe kidole. Kwa mwanamke asiye mjamzito himoglobini chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu. Na unene sio kinga, mtu anaweza kuwa bonge na damu hana.

"Kinywaji chekundu kinaongeza damu"

Bitiruti ni nzuri kula, lakini gramu 100 hazina hata miligramu 1 ya chuma, wakati mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanaume. Rangi ya kinywaji haigeuki kuwa damu tumboni. Maziwa ndo kabisa, chuma chake ni kidogo mno na kalsiamu yake inazuia chuma cha chakula kingine.

"Nakula maharage na mchicha kila siku, siwezi kukosa damu"

Hapa ndipo penye shida kubwa, nivumilieni kidogo. Chuma cha mimea mwili unakinyonya kwa shida, unakichukua kidogo tu kulinganisha na cha nyama, maini na samaki. Alafu sisi tunakimaliza wenyewe kwa chai. Angalia ratiba ya saiti: asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana wali maharage, sahani haijatolewa kikombe cha chai kishafika eti kushusha chakula. Chai ikinywewa pamoja na mlo inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata kwenye hayo maharage. Sisemi mtu aache chai, mtu wa kazi chai ni chai yake, ila iache ikae mbali na msosi, lisaa limoja au mawili.

Na hapohapo kwa mama ntilie unaweza kuibadilisha sahani bila kuhitaji nyama ya bei. Ongezea dagaa, maana samaki hata kidogo anasaidia mwili kunyonya na kile chuma cha maharage, alafu kamulia ndimu juu ya mchicha baada ya kuiva, au maliza na chungwa, pera, embe, vitamini C inafungulia chuma njia. Kijani kipikwe kidogo tu. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe.

"Nakula udongo kwasababu una madini"

Ile pemba inayouzwa sokoni haikupi damu. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimekuisha, na udongo wenyewe unaweza kukishika chuma tumboni kisinyonywe, na mayai ya minyoo juu yake.

"Hedhi nyingi inatoa damu chafu"

Hakuna damu chafu pale, ni damu yako na chuma chako kinaondoka. Ukibadilisha pedi kila lisaa, ukitoa mabonge makubwa, au ukipitisha siku 7, nenda hospitali, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi. Kitanzi cha shaba nacho kinaweza kuongeza hedhi, mwambie nesi.

"Chakula kizuri kinatosha"

Kama una minyoo ya safura hakitoshi. Wale minyoo wanapenya kwenye ngozi ukitembea peku shambani kwenye udongo wenye kinyesi, wanaenda kung'ang'ania utumbo na kunyonya damu kila siku. Dawa ya minyoo na viatu vya kufunika, hata vya mtumba.

"Vidonge vya damu vinakuza mtoto mpaka unashindwa kujifungua"

Sio kweli, na wajawazito wengi wanavitupa kwa hofu hii. Ukivimeza, choo cheusi ni kawaida. Vikikusumbua tumbo meza pamoja na chakula kidogo, na maji sio chai, na usiache siku unayojisikia nafuu, maana damu ikishapanda bado akiba ya chuma inachukua kama miezi 3 kujaa. Mwenye sikoseli asimeze bila daktari. Na viwekwe juu kabisa mtoto asifikie, dozi kubwa ya chuma inaua mtoto mdogo.