Petroli kisimani: tulivyoupelekea udongo wa Tabora hewa

"Maji haya yananuka kibatari, mwanangu. Hebu nusa mwenyewe."

Bibi mwenye kisima alinisogezea ndoo hata kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu. Nikanusa. Ilikuwa petroli. Nyumba yake ipo kwenye mtaa wenye visima vingi hapa Tabora mjini, hatua chache kutoka kituo cha mafuta ambacho tenki lake la chini ya ardhi lilitoboka, na mwenye kituo akakaa kimya mpaka majirani walipoanza kulalamika. Bomba analo, lakini kisima ndicho alichokuwa akifulia, akimwagilia mchicha, na siku maji yakikatika akinywa. Nikamwomba aache siku ileile, kufulia kukiwemo, na kisima tukakifunika.

Nimefanya kazi ya maji ya chini ya ardhi kwa miaka mingi, na hakuna kinachoniuma kama kisima kilichoharibiwa na mtu ambaye hakukichimba.

Wengi huniuliza kama mafuta kidogo yana neno gani. Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita (mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni). Sasa piga hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Benzini ikiwa asilimia 1 tu ya hapo, ni gramu 7.4, nazo zinatosha kuzifikisha lita 740,000 za maji kwenye kikomo hicho. Ni matenki 740 yale meusi ya lita 1,000, kwa lita moja iliyovuja. Tenki lile halikuvuja lita moja.

Kabla ya kuzungumzia mitambo ni lazima kujua mafuta yamekaa wapi, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikishuka ardhini huelea juu ya maji ya chini. Lakini maji hayo hayatulii. Mvua zetu zinanyesha Novemba hadi Aprili, visima vinajaa. Kiangazi kikikolea maji yanashuka, na kamba ya ndoo inaongezwa. Mafuta yanashuka nayo yakipaka kila chembe ya mchanga njiani. Masika ikirudi, maji yanapanda na kuyapita mafuta yaliyonasa, kama yanavyobaki kwenye ukuta wa karai la maandazi hata ukishalimimina. Baada ya misimu michache, ule utando mwembamba umekuwa tabaka nene la udongo uliolowa mafuta, nusu yake ndani ya maji na nusu nje. Ndiyo maana kisima kinaweza kunuka mwezi huu na mwezi ujao kisinuke. Anayepima mara moja na kutoa cheti ametoa cheti cha siku ile tu.

Njia ya zamani ni kuvuta maji kwa pampu, kuyasafisha juu na kuyamwaga. Inaweza kuchukua miongo. Unavuta maji, mafuta yanabaki yameganda kwenye udongo. Ukizima pampu, sumu inarudi taratibu. Kuchimba na kusomba udongo kunafaa pale unapofikika, lakini wa kwetu ulikuwa chini ya nyumba za watu, na udongo unaosombwa lazima uishie mahali. Sikutaka uishie mtaa wa wengine.

Tulichochagua, kuupulizia udongo hewa, kina historia ninayoipenda. Mwaka 1985 mafuta ya ndege yalimwagika kwa wingi katika kambi ya jeshi la anga ya Hill, jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 1988 wahandisi wakaanza kunyonya mvuke kutoka ardhini. Walipopima hewa iliyotoka, wakakuta oksijeni imepungua na hewa ukaa imejaa. Sehemu ya mafuta haikuwa inanyonywa, ilikuwa inaliwa. Bakteria wa udongo wenyewe walikuwa kazini, na walichokosa siku zote ni pumzi.

Sababu yake ni ya hesabu. Kula gramu moja ya petroli kunahitaji zaidi ya gramu 3 za oksijeni. Lita ya maji, yakiwa na joto la hapa kwetu, haibebi hata miligramu 8 za oksijeni. Lita ya hewa inabeba mara 30 hivi ya hapo. Kwa hiyo kwenye udongo ulio juu ya maji, hewa ndiyo gari la kupelekea oksijeni. Tena sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana: udongo wa Tabora una joto mwaka mzima, na bakteria wanafanya kazi haraka zaidi kwenye joto.

Vifaa si vya kutisha. Mabomba ya plastiki ya inchi 2 tuliyoyachanja nyufa kwa msumeno wa chuma, changarawe safi pembeni, simenti juu ili hewa isirudi, na pampu ndogo ya kupuliza. Hewa inapulizwa polepole sana. Ukipuliza kwa nguvu unausukuma mvuke wa petroli uingie vyumbani mwa watu, na hilo ni kosa lisilosameheka.

Siku ninayoikumbuka ni ya kupima pumzi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Chini ya ardhi pale, kabla hatujaanza, kipimo kilisoma chini ya 3. Tulipuliza mpaka ikakaribia 20, tukazima pampu, tukakaa kwenye kigoda chini ya mwembe na kipimo mkononi. Namba ikaanza kushuka, saa baada ya saa. Kwenye bomba la mbali, ambako udongo ulikuwa safi, namba haikusogea. Kijana mmoja wa mtaani akauliza, "Kwa hiyo sasa hivi wanakula?" Ndiyo, walikuwa wanakula.

Udongo uliofikika, ule tuliouchimba kuzunguka tenki, tuliutandaza juu ya turubai, tukauchanganya na samadi kwa ajili ya nitrojeni na fosforasi, na pumba za mpunga ili upitishe hewa. Unanyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa jembe. Kazi ya shambani kabisa.

Sumu nyingine zinataka dawa nyingine. Viyeyusho vya kuoshea grisi kwenye vyuma vina klorini, ni vizito kuliko maji na huzama. Kwa sumu hiyo kuna ukuta wa chengachenga za chuma unaofukiwa mbele ya maji, nayo yakipita sumu inavunjwa. Ulijaribiwa Borden, Kanada, mwaka 1991. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Nzega haina bakteria wa kuila iishe: ni metali, unaweza kuifunga au kuiondoa tu. Anayekuuzia dawa moja ya kila udongo anakudanganya.

Hata hapa hatujamaliza. Upande wa chini mtaa unaingia mbugani, na mfinyanzi mweusi haupitishi hewa. Huko tunajaribu unga wa kalisi peroksaidi, unaotoa oksijeni kidogokidogo ukiguswa na maji.

Kisima cha bibi bado kimefungwa. Nitapima Aprili maji yakiwa juu, na Oktoba yakiwa chini. Benzini isipovuka kikomo miaka miwili mfululizo, nitakwenda kumfungulia mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema aliyechafua ndiye alipe, kwa hiyo bili ya bomba ya mchicha ule bibi anaipeleka kwa mwenye kituo. Mbili amezilipa. Ya tatu tunaifuatilia Jumatatu.