Kupunga Mkono Hakumwagi Umakini

Msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya helmeti na kugongana, ukianza tu, ile video hunifikia. Hakuna haja ya kutaja chuo. Kila mwaka una yake. Basi limesimama, wachezaji wanashuka, mashabiki wamejipanga pande zote mbili za njia, mtoto kanyoosha kiganja, na jitu la kilo 130 linapita na hedifoni masikioni, ndita zimekunjwa, kama vile mbele yake hakuna mtu. Chini ya video watu wanagombana. Kundi la kwanza: ana maringo, pesa zimemlevya. Kundi la pili: mwacheni kijana, yuko vitani, akisalimia atapoteza umakini.

Kundi la kwanza nimelizoea. Hili la pili ndilo linalonichosha, kwa sababu linasema kwa jina la fani yangu. Mimi ni mshauri wa saikolojia ya michezo, nipo huku Marekani na timu ya chuo, na kazi yangu wiki nzima ni vichwa vya vijana hao hao wanaoshuka kwenye basi. Hoja ya umakini nimeisikia kwa wazazi, kwa watangazaji, kwa makocha waliozeekea kazini, na juzi kwa shemeji yangu ambaye hajawahi kumaliza mechi bila kusinzia. Sasa basi. Umakini si maji ya ndooni, kwamba ukiinua mkono yatamwagika.

Angalieni saa kwanza. Matembezi haya hufanyika saa mbili hivi kabla ya mpira kuanza. Kule chuo cha Auburn, jimbo la Alabama, huitwa Tiger Walk: timu inashuka Donahue Drive hadi uwanja wa Jordan-Hare, desturi ya tangu miaka ya 1960. Tarehe 2 Desemba 1989, siku mahasimu wao wa Chuo Kikuu cha Alabama walipokuja kucheza Auburn kwa mara ya kwanza, inakadiriwa watu 20,000 waliijaza barabara ile, na Auburn wakashinda 30–20. Mwaka uliofuata Tennessee wakawa na matembezi yao. Chuo cha Ole Miss, kule Mississippi, hupita katikati ya Grove, bustani ya miti ambako watu wameshatandika meza, wakala na kunywa tangu asubuhi, na wachezaji hupita chini ya tao lililotolewa na kikosi cha 1962 kisichofungwa.

Hakuna shabiki aliyevamia hapo. Chuo ndicho kilichochora njia, kikapanga muda, kikaleta bendi. Kumpitisha mtu katikati ya umati ulioalikwa kumwona, kisha kumtaka ajifanye hauoni, ndiko kunakochosha. Kumpuuza mtu ni kazi: akili hulazimika kumtambua kwanza ndipo imkwepe, na kumkwepa tena hatua mbili mbele. Kumwitikia kwa kichwa huchukua nusu sekunde, na jambo limekwisha. Baada ya hapo kuna chumba cha kubadilishia nguo, vifundo vya miguu vinafungwa tepu, wapigaji wa mateke wanatoka kupasha kabla ya wengine, kisha timu nzima inapasha, inarudi ndani, kocha anapiga kelele zake, ndipo mechi. Akili iliyotawanyika barabarani ina muda wa kukusanyika na kutawanyika tena mara tatu.

Na kama mnataka mfano wa wazi, nendeni Iowa. Tangu 2017, robo ya kwanza inapoisha pale Kinnick, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mikono watoto waliolazwa katika hospitali iliyo jirani, ambao wako madirishani wakitazama mechi. Wachezaji hupunga. Wageni hupunga. Hayo ni katikati ya mechi, miili imeshagongana, na sijasikia hata mmoja wa hao walinzi wa umakini akisema Iowa wamefungwa robo ya pili kwa sababu ya kupunga.

Hapa sasa nitakaa kidogo, mnivumilie. Hatari ya matembezi si kwamba kijana atatawanyika. Hatari ni kwamba mori utampanda mapema. Bendi inapiga, watu wanaliita jina lake, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, pumzi inakuwa ya juu juu, taya zimekaza. Na bado saa mbili! Mwili haukai hivyo muda wote huo bure. Akifika uwanjani, ama ameshapoa kupita kiasi, ama bado anawaka, na huyo anayewaka ndiye anayechomoka kabla mpira haujachezwa na kuipa timu adhabu ya yadi 5, au anamfuata mwenye mpira kwa kasi ya ajabu na kukumbatia hewa. Kocha husema kijana alikuwa na hamu mno. Hapana, kocha. Aliwashwa tangu kwenye basi, na wewe ulikuwepo.

Aliyemwasha ni nani? Mara nyingi ni ile ile hedifoni inayosifiwa. Muziki wa kishindo hupandisha mori, ndiyo maana tunaupiga kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma. Kijana anadhani amejifungia humo alinde utulivu wake, kumbe anajipandisha mwenyewe, kwa sauti ya juu, kuanzia hotelini. Mtu wa namna hiyo nikimwambia agonge viganja na watoto watano pale kwenye kamba, simpi kazi ya matangazo. Nampa dawa. Uso unalegea, pumzi inashuka, anakumbuka kwamba ni Jumamosi na kuna watu waliokuja kufurahi.

Mtu wa namna hiyo, narudia. Maana nikiishia hapo, kesho nitasikia kocha fulani amewalazimisha wachezaji wote 105 wapunge mikono kwa sababu "mtaalamu amesema inatuliza".

Chukua kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi. Makocha wengi huandika mapema michezo 15 hivi ya kwanza, yaani mashambulizi yaliyopangwa ya mwanzo wa mechi, desturi iliyopata umaarufu kwa Bill Walsh wa San Francisco 49ers, na kijana anatakiwa aijue kama jina lake: nani anakwenda wapi, akibanwa ageukie upande gani. Huyo mnayemwona anapita akinong'ona peke yake hajanuna. Anarudia masomo. Ukimkatiza hatasahau mchezo, ila ataanza upya kutoka namba moja, na hilo humkera. Chukua upande mwingine mpiga teke. Yeye atakaa pembeni sehemu kubwa ya mechi akingoja sekunde mbili za kuonekana shujaa au mjinga, na kwa wapiga teke niliofanya nao kazi kimya kirefu ndicho kilikuwa adui. Hao wangeweza kuzungumza na mashabiki hadi bendi ikaondoka. Halafu kuna wale wa mstari wa mbele, majitu yanayozuia, ambao huonekana wakali kuliko wote na ndio wapole kuliko wote. Huko ndani wanabishana kuhusu chakula.

Yuri Hanin, mwanasaikolojia aliyeanza kazi enzi za Kisovieti, alisisitiza jambo ambalo makocha hawalipendi kwa sababu haliingii kwenye filimbi moja: kila mwanamichezo ana eneo lake la mori linalomfaa, na la jirani yake huenda likamharibia. Mmoja hucheza vizuri akiwa na hasira, mwingine akiwa anacheka. Kwa hiyo ukunjaji wa ndita haukuambii kama mtu yuko tayari. Wala haukuambii kama ana dharau. Uso wa mtu saa mbili kabla ya mechi ni ushahidi dhaifu wa kila kitu.

Sasa niwape na yale ambayo vitabu vyetu hupita haraka. Mwanafunzi yeyote wa fani hii huonyeshwa mchoro wa kilima: mori kidogo, uchezaji hafifu, wa kati, bora, ukizidi, unaporomoka. Mchoro unapachikwa majina ya Yerkes na Dodson, 1908. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba Yerkes na Dodson walikuwa wakiwapiga panya shoti za umeme ili wajifunze kuchagua kisanduku. Panya! Hakuna hata mmoja aliyevaa helmeti. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake wakawapima mende mbele ya mende watazamaji: kwenye njia iliyonyooka walikimbia kasi zaidi walipotazamwa, kwenye njia yenye kona wakachelewa. Naupenda utafiti huu kuliko inavyofaa, kwa sababu unafanana mno na ninachokiona Jumamosi. Umati humpa nguvu yule anayetakiwa kwenda mbele tu, na humtia kigugumizi yule anayetakiwa kuchagua. Lakini kufanana si ushahidi, na kutoka kwa mende hadi kijana wa miaka 20 ambaye mama yake yuko jukwaani ni mbali.

Hata hilo la umati kuisaidia timu ya nyumbani si safi kama linavyouzwa. Mwaka 2020, Korona ilipofunga majukwaa, ligi ya soka ya Ujerumani ilirudi Mei bila watazamaji, na faida ya kucheza nyumbani ikapungua. Wengi tukashangilia: si mnaona, mashabiki wanawapa wachezaji nguvu. Kisha watafiti wakatazama kadi, wakakuta waamuzi nao walikuwa wameacha kuwaonea wageni kama zamani. Inawezekana sehemu nzuri ya kelele zenu haiingii kwenye moyo wa mchezaji kabisa. Inaingia kwenye filimbi. Mtu anayeniuliza kama kusalimia mashabiki kunaongeza ushindi, namjibu kwamba sina cha kumwonyesha. Na anayedai kunapunguza, naye hana.

Pesa nitaipita mbio. Ndiyo, tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ukiwa na mkataba wenye kipengele cha kumpungia mtu mkono nje ya basi, niletee niusome. Wengi katika ule msafara hawazioni hizo pesa za magazetini.

Kamari je? Hiyo siipiti mbio. Mei 2018 Mahakama ya Juu iliifuta sheria ya shirikisho iliyokuwa ikibana kamari ya michezo, na majimbo mengi yakafungua milango. Sasa mtu anaweza kuweka dau si juu ya timu tu, bali juu ya yadi ambazo kijana mmoja atasogeza mpira. Machi 2024 rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Charlie Baker, aliyaomba majimbo yaondoe dau za namna hiyo kwa wachezaji wa vyuo, kwa kuwa vijana walikuwa wakitukanwa na kutishwa na waliopoteza hela. Fikiria unapita kwenye kamba, mikono mia imenyooshwa, na hujui upi ni wa mtu aliyekutumia matusi wiki iliyopita kwa sababu ulikamatwa yadi tatu kabla ya dau lake kutimia. Nina vijana wanaovaa hedifoni ambazo hazijawashwa. Wanasikia kila kitu. Wanachotaka ni ruhusa ya kutojibu, na mimi hiyo ruhusa nawapa bila kusita.

Najua wasomaji wangu wa Kiswahili watanirudisha kwenye adabu. Tumelelewa kwamba anayepita mbele ya watu akasalimie, tena yeye aliyewakuta ndiye anayeanza. Vijana wa familia za Kikongo na Kirundi waliokulia huku wakaingia futiboli ya shule husemwa nyumbani kwa jambo hili hili: "Tumekuona ukitupita." Wazee hao naafikiana nao, ila kwa mpaka. Kwenye matembezi, ndiyo, wachezaji watoe ishara. Wao ni wageni wa heshima katika shughuli iliyoandaliwa kwa ajili yao, na kichwa kikiinama kidogo hakuna kinachoharibika. Wakishaingia uwanjani kupasha, waacheni. Ukimwita mtu aliyekwisha anza kuhesabu hatua zake, usimsute kwa kutogeuka.

Ninachofanya na vijana wangu ni kidogo sana. Katikati ya wiki kila mmoja anachagua salamu yake ya Jumamosi: kiganja kinachopita kwenye mikono yote bila kusimama, au kupunga mara moja anaposhuka, au kumchagua mtoto mmoja na kumtazama machoni, au kichwa tu. Akishaichagua, mlangoni mwa basi hana uamuzi wa kufanya. Kinachowasumbua siku ya mechi ni ule ubishi wa dakika ya mwisho wa nisalimie, nisisalimie, yule ananiitaje, kamera iko wapi. Ubishi huo tunaumaliza Jumatano.

Na kwa mzazi anayetaka mwanawe asalimiwe: msisimame pale basi linapofunguka mlango, wengi bado wanatafuta begi na hewa. Sogeeni mwisho wa njia, karibu na lango. Kalamu ya kuombea saini iacheni nyumbani, inasimamisha foleni na maofisa wanaichukia. Msimwite nyota, anaitwa na kila mtu. Tafuteni kwenye orodha ya kikosi yule anayerusha mpira nyuma kwa mpiga teke, ambaye jina lake hutangazwa pale tu anapokosea, mwiteni kwa jina lake la kwanza, na mwambieni mtoto aweke kamera tayari, maana huyo atasimama.