Je, Wajua? Umri wa Chombo cha Rookwood Umeandikwa Kitakoni

Mpe mkusanyaji chombo cha maua kilichotoka kiwanda cha vyombo vya udongo cha Rookwood, Cincinnati, jimboni Ohio, Marekani. Kabla hajasifu maua yaliyochorwa ubavuni, atakipindua. Mwaka wake uko huko chini, kwa anayejua kuusoma.

Kiwanda hicho kilianzishwa 1880 na Maria Longworth Nichols, aliyetoka katika familia tajiri ya mji huo. Mwaka 1886 kikaanza kutumia alama yake maarufu: R iliyogeuzwa, imepeana mgongo na P. Mwaka uliofuata ukaongezwa ulimi mmoja wa moto juu yake, 1888 zikawa ndimi mbili, na ikaendelea hivyo hadi 1900, alama ilipozungukwa na ndimi 14. Kwa hiyo ukikuta ndimi sita, jumlisha na 1886: chombo ni cha 1892.

Kuanzia 1901 ndimi zilibaki 14, na chini ya alama ikawekwa namba ya Kirumi. I ni 1901, XXIV ni 1924. Hapa ndipo wanaoanza huteleza. Mtu anahesabu ndimi 14, anatangaza 1900, kumbe chini yake kuna VII iliyozibwa nusu na glezi, ule utando kama kioo unaofunika chombo cha udongo. Mulika tochi kutoka pembeni, si kutoka juu, na michoro iliyodidimia itajionyesha kwa kivuli chake. Halafu kuna V inayokaa mbali na alama. Hiyo si tano. Ni dalili ya Vellum, glezi yenye mng'ao hafifu iliyotambulishwa 1904.

Maandishi hayaishii hapo. William Watts Taylor, aliyekuja kuwa meneja 1883, alikuwa mtu wa daftari, na kila umbo lilipewa namba yake, likifuatwa na herufi ya ukubwa, A ikiwa kubwa kuliko zote. Mchoraji naye alikwaruza herufi za jina lake. Mjapani Kataro Shirayamadani, aliyeajiriwa 1887, alisaini kwa maandishi ya kwao, na saini hiyo hupandisha bei mara moja.

Ukiona X iliyochimbwa kwa gurudumu la kunolea, ujue kiwanda chenyewe kilikipa chombo daraja la pili. Mimi singekikataa kwa sababu hiyo tu: mara nyingi kasoro ni kitone cha glezi ambacho leo hakuna anayekiona.

Vyombo vya Roseville, kiwanda kingine cha Ohio hiyohiyo, havina ukarimu huu. Vingi vina jina na namba ya umbo, mwaka hakuna, na tangu miaka ya 1990 soko limeingiliwa na bandia kutoka China zenye jina hilohilo kitakoni. Kwa hivyo, kitako peke yake hakitoshi. Angalia rangi kama imepakwa kwa uangalifu, na kingo za maua kama ni kali au zimefifia.