Droni Juu ya Loleza Haijaanzisha Filamu

Nimeletewa tena filamu ya kuhariri ambayo mwongozaji wake ameshaamua ianzeje: droni inapaa juu ya mlima Loleza, inashuka taratibu hadi Mwanjelwa, jina la MBEYA linatokea kwa herufi za dhahabu, kinanda cha huzuni kinalia, na baada ya dakika mbili mhusika mkuu anaamka kitandani. Nilipomuuliza picha hizo zinafanya kazi gani, alinijibu kama wanavyonijibu wengine wote, kwamba ni za kumwonyesha mtazamaji tuko wapi, na hadithi itaanza baadaye. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kupita uvumilivu wangu.

Mtazamaji haanzi kutazama pale mwongozaji anapoona hadithi imeanza. Tangu sauti ya kwanza anajiuliza amfuate nani, amwogope nani, na kama ana ruhusa ya kucheka. Droni haimjibu hata swali moja, kwa sababu hakuna mhusika anayeuona mji akiwa huko juu. Mahali katika filamu huonekana kwa yale yanayompata mtu aliyepo hapo, kama dereva wa lori anayelazimika kuwasha taa asubuhi kwa sababu ya ukungu wa Isyonje, au kondakta anayepokea nauli huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni.

Kuhusu mhusika sitasema mengi, kwani mwongozaji Alfred Hitchcock alimaliza somo hilo mwaka 1954 katika filamu yake Rear Window. Kamera inazunguka ua wa nyumba za kupanga jijini New York, inarudi kwa mtu aliyelala huku jasho likimtoka usoni, inapita kwenye kipimajoto kilichovuka nyuzi 90 za Farenhaiti, kisha kwenye mguu uliofungwa hogo, kamera iliyovunjika, na picha ya ajali ya gari la mashindano iliyopigwa kwa karibu mno. Mtu huyo hajafumbua kinywa, nasi tunajua kazi yake, kilichomvunja mguu, na kwa nini atachoka kukaa ndani.

Kinachonisumbua zaidi ni hali ya filamu, yaani namna inavyotutaka tujisikie, kwa sababu hapo ndipo waongozaji wengi hudhani kwamba muziki utatosha. Mwongozaji Orson Welles alianza filamu yake Touch of Evil ya mwaka 1958 kwa mtu anayetega bomu kwenye buti la gari, na kamera inalifuata gari hilo kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa, katika mji ulio mpakani mwa Meksiko na Marekani. Studio ilibandika juu ya picha hizo majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch, akifuata waraka mrefu ambao Welles aliuacha, aliyaondoa majina na muziki huo, akarudisha redio ya gari na ngoma za vilabu zinazokaribia na kufifia. Picha ni zilezile, lakini katika toleo la kwanza midundo inatutangazia hatari, na katika la pili tunalitafuta gari kwa sikio kila linapotupotea, kwa hiyo hofu inakuwa yetu wenyewe.

Jambo hilohilo linawezekana hapa Mbeya, pale Uyole, kwenye magunia ya viazi. Chukua dalali anayejaza lumbesa, akipachika viazi juu ya gunia lililokwisha kujaa na kukizungushia kilemba kamba, huku mama mwenye shamba akiangalia pembeni. Ukianza na uso wa mama kisha gunia, tumekwisha kuwa upande wake. Ukianza na mikono ya dalali inayofuma kamba kwa ustadi, na ukakawia hapo, tutavutiwa na kazi hiyo kabla ya kugundua kwamba ni wizi, nasi tutajiona washiriki. Ukianza na kiazi kinachoporomoka na watoto wakakigombania, watu watacheka, na dalali atabaki mtu wa kuchekesha hata akija kufanya unyama. Mahali, mhusika na hali vimeingia pamoja, na sauti pekee iliyohitajika ni ya kamba ikikwaruza gunia.

Hata hivyo nina shaka ambayo sijaimaliza. Watazamaji wetu wengi hutazama kwenye simu, au kwenye vibanda ambako watu bado wanaingia na kutafuta benchi filamu ikiwa imeanza, na mkwaruzo wa kamba hautawafikia. Pia wamezoea sinema zilizotafsiriwa, ambazo sauti ya mtafsiri ndiyo inayowapa hofu au kicheko tangu mwanzo, na siwezi kusema kwamba wamezoea vibaya. Sijui ni utulivu kiasi gani ambao mwanzo unaweza kuuvumilia kabla ya mtazamaji wa namna hiyo kuhamia kwenye video nyingine. Ninachofanya kwa sasa ni kuacha mwanzo uwe kimya, kisha ile lumbesa nairudisha katika mazungumzo ya onyesho la tatu kwa ajili ya aliyechelewa, ingawa aliyewahi huenda akaona ninajirudia.