Je, wajua kwa nini mchezo wa jadi unaweza kuendelea kuchezwa huku historia yake ikipotea?

Ipo picha iliyopigwa Rwanda mwaka 1907 ambayo imezunguka dunia kwa zaidi ya karne moja. Kijana yuko hewani, anavuka fito iliyowekwa juu kupita kimo cha mtu, na chini yake wamesimama Wazungu wawili. Mmoja wao ni Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, aliyekuwa akiongoza msafara wa Wajerumani katika Afrika ya Kati. Mchezo huo wa kuruka juu uliitwa gusimbuka urukiramende. Wageni wale waliandika kwamba kuna warukaji waliofikia mita 2.50, wakati mruko bora uliojulikana kwenye riadha za Ulaya na Marekani siku hizo ulikuwa wa mita 1.97. Warukaji wa Rwanda walijirusha kutoka kwenye kijiinuko kidogo, kwa hiyo vipimo hivyo viwili havilinganishiki moja kwa moja. Hata hivyo, kimo kile kinashangaza mpaka leo.

Sasa jiulize: yule kijana ni nani? Jina la mwanamfalme tunalo, la mrukaji halikuandikwa. Nani alimfundisha? Alianza na fito ya kimo gani akiwa mtoto? Aliposhinda, mama yake alipigiwa vigelegele na nani? Picha haisemi lolote. Tumeachiwa mwili wa mwanariadha na sentimita zake, na maisha yaliyomzunguka yamekwenda na wale walioyajua.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Historia ya kijamii ya mchezo haimo ndani ya mchezo wenyewe. Imo kwa watu wanaouzunguka: anayetengeneza vifaa, anayeimba, anayepatanisha wanaogombana, anayekatazwa kushiriki, anayebaki nyumbani siku ya mashindano. Mchezo unaweza kurithiwa kwa macho, maana mtoto akitazama ataiga. Habari za watu hazirithiwi kwa macho. Lazima mtu azisimulie na mwingine azisikilize, na wawili hao wasipokutana kwa kizazi kimoja tu, basi.

Mfano ulio hai uko magharibi mwa Kenya, katika Kaunti ya Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho, ambao ni sehemu ya jamii kubwa ya Waluhya. Huko mchezo wa kupiganisha mafahali haujafa hata kidogo. Asubuhi na mapema fahali hutolewa zizini na kusindikizwa hadi uwanjani na umati unaoimba na kukimbia, ngoma za isukuti zikirindima. Hakuna upanga wala mtu anayepambana na mnyama. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke na kutimua mbio. Aliyebaki ndiye mshindi, na watu wa upande wake humiminika uwanjani kwa shangwe. Majina kama Malinya, Shinyalu na Khayega yanajulikana sana na wapenzi wa mchezo huu. Wanasiasa huhudhuria, wapiga picha hufika, vijana hurekodi kwa simu. Ukitazama umati peke yake utasema urithi huu uko salama.

Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti, ileile inayomsindikiza fahali, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa zinaumiza ukizisoma: wengi wa wanaoijua vizuri ni wazee na hawana warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni haba, watunzi wanapendelea muziki unaouzika, na hata ule uchezaji wenyewe umepungua. Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, na wachezaji, wanaume kwa safu yao na wanawake kwa yao, humfuata. Haichezwi kwa ajili ya mafahali tu. Imo katika uzazi, jando, harusi, matanga na sherehe za kila namna.

Ndiyo maana nasema mchezo na historia yake vinaweza kuachana njia. Anayerekodi kwa simu hunasa dakika chache za pembe kugongana. Nyimbo za njiani, ambamo fahali husifiwa kwa jina na mwenye fahali hutajwa pamoja na watu wake, mara nyingi hazirekodiwi, kwa kuwa mwenye simu ameshatangulia uwanjani kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Ukiniuliza mimi, zile nyimbo za njiani ndizo zenye thamani kubwa kuliko pambano. Pambano la leo linafanana na la mwaka jana. Wimbo wa leo unataja watu ambao mwakani huenda hawatatajwa.

Kuna jambo jingine linalopita bila kuonekana, nalo ni kuhama kwa hafla. Kwa Waisukha na Waidakho mafahali walipiganishwa pia kwenye mazishi ya mzee mwenye heshima, hasa aliyekuwa mfugaji mashuhuri. Tukio la namna hiyo lilikuwa darasa: waliokuja walieleza marehemu alikuwa nani, ng'ombe wake walitoka wapi, alimkopesha nani, aliwahi kukosana na nani na wakapatanaje. Mchezo ukihamia sikukuu za kitaifa au siku ya mgeni wa heshima, pambano ni lilelile lakini hakuna marehemu wa kusimuliwa. Sioni ubaya mchezo kuhama, maana michezo yote hubadilika. Hasara ni kwamba masimulizi yaliyokuwa yakiendeshwa na ile hafla hayapewi mahali pengine pa kukaa.

Je, yanaweza kupewa? Ireland ilijaribu, na kwa njia ambayo hata kijiji kisicho na fedha kinaweza kuiga. Kati ya mwaka 1937 na 1939, tume ya taifa ya masimulizi ya jadi iliwaomba watoto wa shule za msingi, wengi wao wa umri wa miaka 11 hadi 14, wawahoji wazazi, mababu na majirani zao kisha waandike majibu katika madaftari ya shule. Shule zipatazo 5,000 zilishiriki, na watoto wapatao 50,000. Miongoni mwa mada walizopewa zilikuwamo mechi za zamani za hurling, mchezo wa jadi wa Waayalandi unaochezwa kwa magongo na mpira mdogo. Chama chao cha michezo ya jadi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1884 huko Thurles, kwa hiyo wazee waliohojiwa walikuwa na kumbukumbu za siku ambazo mchezo huo haukuwa bado na kanuni moja ya nchi nzima.

Ukubwa wa kazi ile si kitu cha kwanza kinachonivutia. Kinachonivutia ni nani alimuuliza nani. Mzee anapohojiwa na mtafiti kutoka mjini hueleza mambo makubwa: ubingwa, kombe, kiongozi aliyekuja kutazama. Anapoulizwa na mjukuu wake hueleza pia shamba la nani lilitumika kama kiwanja, na ugomvi ulianza kwa sababu gani. Leo madaftari yale yamehifadhiwa katika chuo kikuu cha Dublin na yamewekwa kwenye intaneti, ambako mtu anaweza kutafuta kwa jina la shule na kusoma mwandiko wa watoto wa kijiji chake. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiyachapa upya, ukurasa kwa ukurasa, ili yasomeke kwa urahisi.

Mwenye nia ya kuanza kazi kama hiyo kijijini kwake asianze na swali pana. Ukimwambia mzee "tueleze historia ya mchezo huu" atakupa hotuba, kwa sababu umemwomba hotuba. Anza na kitu kinachoshikika: ngoma, kamba, pembe, picha ya zamani. Nani aliitengeneza? Ngozi ilitoka wapi? Ilipopasuka ilishonwa na nani? Wanawake waulizwe peke yao na kwa wakati wao, si kando ya waume zao, kwani katika michezo mingi ya vijijini wao ndio wanaojua gharama yake: nani aliamka usiku, nani alipika, nani aliuguza walioumia. Aliyeshindwa naye aulizwe. Washindi husimulia ushindi, lakini walioshindwa hukumbuka mazingira yote, hadi hali ya hewa ya siku ile. Na mazungumzo yafanyike kwa lugha ya nyumbani, yaandikwe hivyohivyo kwanza. Tafsiri inaweza kusubiri.

Miaka huleta taabu. Wazee wengi hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa matukio, na hilo si kasoro. Kenya nzima inaweza kukadiria jambo lilitokea kabla au baada ya mafuriko makubwa ya 1961, kabla au baada ya Uhuru wa 1963. Mkusanyaji anapaswa kuwa na orodha ya matukio ya eneo hilo: njaa, ujenzi wa barabara, kufunguliwa kwa shule. Akiyapanga hayo, masimulizi yataanza kukaa kwenye mstari.

Na wawili wakitofautiana? Yaandike yote mawili. Mwanahistoria wa Italia Alessandro Portelli alichunguza habari za Luigi Trastulli, kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma katika mji wa Terni, aliyeuawa na polisi mwaka 1949 wakati wa maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Miaka mingi baadaye wafanyakazi wengi walisimulia kwamba aliuawa mwaka 1953, katika machafuko ya watu kufukuzwa kazi. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo. Alionyesha kwamba kosa lenyewe ni ushahidi: lile la 1953 ndilo lililowauma zaidi, na kifo cha mwenzao kikasogezwa kwenye tukio lililostahili uzito wake. Katika habari za mchezo wa kijiji mambo kama hayo ni mengi. Koo mbili zikidai kila moja kwamba ndiyo iliyoshinda siku fulani, mchunguzi mzuri hatafuti mshindi. Huuliza kwa nini siku ile bado inagombewa.

Baada ya kukusanya, kuna kutunza. Faili la sauti lisilo na jina la msimuliaji, mahali na tarehe litakuwa bubu baada ya miaka kumi, hata kama sauti yenyewe ni safi. Nakala ziwe angalau mbili, katika vifaa viwili na sehemu mbili tofauti, kwa sababu simu huibiwa na kompyuta huharibika. Picha za karatasi ziandikwe nyuma kwa penseli, polepole, majina ya wote wanaoonekana kuanzia kushoto, pamoja na yule aliyesimama pembeni akishika kamba.

Kisha ridhaa. Msimuliaji aulizwe kabla, aelezwe sauti yake itakwenda wapi, na aruhusiwe kuzuia sehemu asiyotaka isikike, hasa habari za ugomvi wa familia ambazo bado zina moto. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kwa hiyo nyimbo za isukuti si mali ya aliyefika na kinasa sauti. Anayerekodi awaachie wenyewe nakala mahali ambapo hawatahitaji barua ya kuomba ruhusa ili kuisikiliza: maktaba ya shule, ofisi ya chifu, kanisani, au nyumbani kwa mtu wanayemwamini.