Umeacha ugali, umepungua kilo kumi: statini nayo uiache?

Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, inakaribia, na swali linalorudiwa zaidi kliniki kwetu ni moja. Mgonjwa amekata wanga kwa miezi mitatu, kaacha ugali, wali, chapati na soda, nguo zimempwaya, majibu ya maabara yanapendeza, na sasa anataka aruhusiwe kuacha statini, kidonge cha kushusha lehemu (kolesteroli). Wengine hawaji kuuliza. Wanakuja kututaarifu kwamba walishaacha zamani.

Hatuna ugomvi na lishe ya wanga kidogo. Inapunguza uzito, inashusha sukari, na kwa wengi inashusha presha. Tatizo ni kwamba watu wanaacha dawa isiyohusika na kuendelea na zile ambazo lishe hii inazigeuza kuwa hatari.

Tuanze na hizo. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini, glibenklamidi, glimepiridi au gliklazidi akikata wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka chini ya 4.0 mmol/L ndani ya siku chache tu: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Dozi hizo hupangwa upya kabla ya siku ya kwanza ya lishe, si baada ya kuanguka. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo za kisukari, yuko kwenye hatari nyingine: damu yake inaweza kujaa asidi wakati kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya kawaida kabisa, hivyo hata mhudumu anaweza kupotea. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema haraka kwa mtu wa namna hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa wiki za mwanzo mwili hutoa maji na chumvi nyingi, wenye vidonge vya presha, hasa vya kukojoza, hupata kizunguzungu wakisimama. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake haina shida kubwa hapa.

Statini haimo kwenye orodha hiyo. Haishushi sukari wala presha, na hakuna dharura yoyote inayosababishwa na kuitumia huku umeacha ugali.

Sasa yale majibu yanayopendeza. Lehemu nyingi iliyo kwenye damu hutengenezwa na ini lenyewe, na statini inabana kazi hiyo na kulifanya ini livute LDL (lehemu inayoziba mishipa) zaidi kutoka kwenye damu. Atorvastatini, mojawapo ya statini, ya miligramu 20 hushusha LDL kwa takriban asilimia 43. Kwa hiyo LDL ya 2.3 mmol/L ukiwa unameza kidonge hicho, igawe kwa 0.57: bila dawa ungekuwa karibu na 4.0. Hiyo 2.3 ni kazi ya kidonge na lishe kwa pamoja, na mara nyingi sehemu kubwa ni ya kidonge. Ukiacha, ndani ya wiki chache LDL inarudi ilikokuwa. Kauli ya "nimepona lehemu" tunaisikia kila wiki, na kila wiki tunaomba tarehe ya kipimo na tarehe ya kidonge cha mwisho. Aghalabu kipimo kilitangulia, yaani kilichukuliwa kidonge kikiwa bado kinafanya kazi.

Lishe yenyewe hufanya nini? Trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) hushuka, wakati mwingine kwa nusu. HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, hupanda kidogo. LDL haitabiriki: kwa wengine inashuka, kwa wengine haisogei, na kwa wachache, hasa wembamba waliokata wanga karibu wote, inapanda sana. Hapa kinachoamua zaidi ni kile ulichoweka mahali pa ugali. Aliyeweka samaki, dagaa, parachichi, korosho, bamia, mlenda na mafuta ya alizeti hapati majibu sawa na aliyeweka siagi, samli, ngozi ya kuku, supu yenye mafuta yanayoganda juu na vijiko vya mafuta ya nazi kwenye kahawa. Mafuta ya nazi yanapandisha LDL, hata kama ni ya asili na ulikuna nazi mwenyewe. Na kwa kuwa tumeitaja kahawa: ile ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi ina mafuta yake yanayopandisha lehemu. Kikombe kidogo cha barazani hakitakuua, lakini birika zima kila siku linaonekana kwenye majibu.

Usipime ukiwa katikati ya kupungua. Uzito unaposhuka kwa kasi majibu huyumba, na hayafai kuamulia jambo la miaka. Subiri uzito utulie angalau wiki sita. Ukipewa majibu, usiangalie lehemu ya jumla peke yake. Kwenye hiyo ya jumla toa HDL, kisha toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2, kinachobaki ni LDL. Mfano: jumla 6.9, HDL 1.6, trigliseridi 0.9. LDL ni 4.9 kasoro kidogo. Huyu ana trigliseridi nzuri na HDL nzuri, na bado ana tatizo. Hesabu hii haifanyi kazi trigliseridi ikizidi 4.5, hapo rudia kipimo baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa 9 hadi 12. Wapo wanaoambiwa kwamba uwiano wa trigliseridi na HDL ukiwa mzuri, LDL haina neno, au kwamba LDL yao ni ya chembe kubwa zisizodhuru. Chembe kubwa nazo hupenya ukuta wa mshipa. LDL ikishushwa kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 22.

Wasiopaswa kuacha, hata wawe wamepungua kilo ngapi: aliyewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi cha kuziba mshipa, aliyewekewa stenti (kibomba cha kuuweka mshipa wazi) au kupandikizwa mishipa ya moyo, mwenye kisukari wa miaka 40 na kuendelea, na ambaye LDL yake iliwahi kufika 4.9 bila dawa. Huyu wa mwisho apimishe pia ndugu na watoto wake, maana huenda tatizo ni la kurithi, na hilo halifutwi na lishe yoyote. Mwanamke aliyegundua ana mimba, au anayepanga kuipata, ana utaratibu wake: awasiliane na kliniki mapema, kwa kawaida dawa husimamishwa.

Anayeweza kujadili kuacha ni yule aliyeanzishiwa dawa kwa tahadhari tu: hana kisukari, hajawahi kuugua moyo, havuti sigara, presha imetulia, na hatari yake ya kuugua moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi, kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani (WHO), ni ndogo. Huyo aje na majibu ya kabla ya kuanza dawa (hayo ndiyo muhimu, na ndiyo yanayopotea), majibu ya sasa, na maboksi ya dawa zote, pamoja na za miti shamba. Tarehe ya kusimamisha huandikwa kwenye faili. Kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, chakula kikiwa kilekile, halafu baada ya miezi mitatu tena. Kupunguza nusu kidonge kimyakimya siyo utaratibu.

Maumivu ya misuli yanatajwa na karibu kila anayetaka kuacha. Kwenye jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini walipewa, kwa miezi tofauti, statini, vidonge bandia, au chupa tupu. Takriban asilimia 90 ya dalili walizozipata kwa statini walizipata pia kwa kidonge bandia. Maumivu ni ya kweli. Chanzo ndicho tunachokitafuta. Tutapima CK (kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ikiumia) na tezi ya shingo, na tutakagua dawa zinazogongana. Simvastatini, nayo ni statini, haiendi na antibiotiki ya klarithromisini, wala na dawa za VVU zenye ritonaviri, na ukitumia amlodipini ya presha usivuke miligramu 20 za simvastatini. Dozi hupunguzwa, au aina hubadilishwa. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi na misuli ikilegea, acha siku hiyo na uje; usisubiri tarehe ya kliniki.

Vidonge vinavyobaki baada ya kusimamishwa rasmi virudishwe famasi. Usimgawie jirani mwenye "mafuta" wala mama mkwe. Hizi ni dawa za cheti. Famasi inayoziuza bila cheti inakiuka masharti ya leseni yake, na aliyechukua dawa kwa kadi ya bima akampa mtu mwingine ametumia kadi vibaya. Kadi inaweza kuzuiwa, na itakapozuiwa atakayekosa dawa ni yeye.