Volkano ya Karthala: lava inatisha, ila majivu ndiyo yanaingia mpaka kwenye maji ya kunywa

Ukisema volkano, watu wa Tanzania akili inaenda Lengai, wa Kongo inaenda Nyiragongo, lakini Karthala iliyoko Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, haizungumzwi sana, wakati ni moja ya volkano hai zaidi kwenye Bahari ya Hindi na ndugu zetu kibao wanaishi chini yake. Mlima una mita 2,361, umechukua sehemu kubwa ya kisiwa, na Moroni yenyewe iko kwenye mteremko wake wa magharibi. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20.

Sisi watu wa jiolojia tukitoa elimu swali la kwanza huwa ni lava tu. Na ni kweli lava ishaleta maafa, Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni kusini magharibi, lava ikaingia kijiji cha Singani ikala nyumba za watu. Lakini lava inapita njia yake, na mara nyingi mtu anaiona inakuja akaondoka. Majivu hayachagui njia, yanaenda upepo unakoyapeleka, na 2005 ndiyo mwaka uliotufundisha hilo vizuri.

Mwaka ule Karthala ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Kule juu kwenye kreta ya Chahale, yaani shimo la kileleni, kulikuwa na ziwa la maji, sasa magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi) ikipanda ikakutana na maji, maji yanageuka mvuke ghafla na kila kitu kinapasuka vipande vidogo vidogo, ni kama kumwagia maji kwenye mafuta yaliyochemka ila kwa ukubwa wa mlima. Aprili maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Novemba usiku wa tarehe 24 ikarudia, na Moroni ikafunikwa na vumbi la kijivu, watu wanatembea wamejifunga vitambaa puani. Halafu Mei 2006 ikalipuka tena lakini ikatoa ziwa la lava huko huko juu na hakuna majivu ya maana yaliyoshuka mjini. Mlima ni ule ule, ila madhara tofauti kabisa, ndiyo maana ukisikia imelipuka usiulize tu lava iko wapi, uliza na upepo unaelekea wapi.

Sasa kwa nini majivu yaliumiza Ngazija kuliko sehemu nyingine? Kisiwa hakina mito ya kudumu, mawe yake yana matundu, mvua ikinyesha maji yanazama chini moja kwa moja. Kwa hiyo watu wengi wa vijijini wanaishi kwa maji ya mvua, yanatoka kwenye bati, yanapita kwenye gata, yanaingia kwenye birika la sementi nje ya nyumba. Majivu yakidondoka juu ya bati na mvua ikafuata, yote yanaingia kwenye birika, na Novemba 2005 kaya nyingi sana ziliamka maji yao yote ya kunywa yamechafuka ndani ya usiku mmoja.

Na tuelewane, haya sio majivu ya jikoni. Ni mawe na kioo kilichosagika, hayayeyuki kwenye maji, yanakwaruza macho na mapafu, na yanaweza kuja na asidi na floridi, kemikali ambayo ikizidi inadhuru meno na mifupa. Kuchemsha maji kunaua vijidudu ila floridi haitoki.

Kwa hiyo tahadhari ikitolewa, kitu cha kwanza kabla hata hujakusanya nguo ni kuchomoa paipu inayoingiza maji kwenye birika na kufunika mdomo wake, ukifanya hivyo mapema umeokoa maji ya familia ya wiki nzima au zaidi. Majivu yakishaacha kudondoka safisha bati kwanza ndo urudishe paipu. Nyunyiza maji kidogo tu yasipeperuke, zoa uweke kwenye magunia, usiyamwage kwenye mtaro yataziba. Usiyaache yarundikane pia, yakilowa uzito unaongezeka sana na paa bovu linaweza kuanguka. Vaa barakoa, huna basi jifunge kitambaa puani na mdomoni, watoto na wenye pumu wakae ndani. Ng'ombe na mbuzi wasichunge majani yenye majivu, wape majani yaliyofunikwa.

Gesi nayo isisahaulike, 1903 watu 17 walikufa Karthala kwa gesi. Watu wa Goma kule Kongo wanaijua hii hatari, mazuku, yaani gesi nzito ya kaboni dayoksaidi, yanakaa mabondeni huyaoni, kwa hiyo wanaopanda mlima kulala juu wasilale kwenye mashimo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitegemei ni kwamba mlipuko ukiisha shughuli haijaisha. Majivu yaliyobaki juu yanaziba yale matundu ya mawe, mvua kubwa ikinyesha maji hayazami tena kama zamani, yanashuka na matope na mawe mpaka vijijini hata miaka kadhaa baadaye. Aprili 2012 mafuriko yalipiga Ngazija na kijiji cha Vuvuni kikaumia vibaya. Moroni kuna kituo kinachofuatilia matetemeko ya Karthala, kikisema hali imebadilika anayekaa kwenye mkondo uliokauka ahamishe watoto na wazee mapema, na msimu wa mvua aendelee kuwa makini hata kama mlima umetulia.